Kosa Lililojirudia Mara Tatu

Nilinunua sarafu ya hela 20 ya Tabora, ya mwaka 1916, kwa sababu muuzaji mmoja wa vitu vya kale alinihakikishia kwamba taji lake dogo ni kosa la kiwanda na kwamba sarafu kama hiyo haina pacha duniani. Nilicholipa sikitaji, mke wangu anaamini ilikuwa nusu yake. Nilipofika nyumbani nilimwaga mezani kopo la sarafu alizoniachia marehemu bibi, na miongoni mwa sarafu tisa za hela 20 zilizokuwamo nikakuta mbili nyingine zenye taji dogo lile lile.

Sarafu hizo, ndugu wa zile heller za Wajerumani zilizotuachia neno hela, zilichapwa katika karakana ya reli ya Tabora wakati vita vilipozuia fedha kufika kutoka Ujerumani. Mihuri iliyotumika haikufanana: upande mmoja kuna taji kubwa au dogo, na upande wa pili ncha za herufi L katika neno HELLER huwa zimepinda au zimechongoka. Kila kipande cha shaba kilichopigwa kwa muhuri fulani kilitoka na sura ya muhuri huo, kwa hiyo taji langu halikuwa kosa hata kidogo.

Kabla ya kukubali hilo nilitaka ushahidi. Kwanza niliweka karatasi juu ya sarafu nikasugua kwa penseli, lakini karatasi iliteleza na taji la Kaisari likatoka kama kuku aliyenyeshewa. Ndipo nikalaza simu juu ya vikombe viwili vyenye kimo sawa, nikaweka sarafu katikati, karibu na dirisha, asubuhi jua likiwa bado linapiga kwa ubavu, nikazipiga picha zote kutoka kimo kile kile. Kijana wa duka la vifaa vya ofisi alinichapia picha hizo kwenye nailoni inayopenya mwanga, huku akiniuliza kama mimi ni mganga. Nilipozipandanisha, mataji madogo matatu yalilaliana mpaka kwenye misalaba yao. Lile kubwa, hata ningelizungusha vipi, lilibaki likichungulia pembeni.

Nailoni hizo zilinionyesha jambo jingine. Sarafu mbili zilikuwa na mstari mwembamba ulioinuka, mahali pamoja, ila kwa moja ulikuwa mrefu zaidi. Huo ni ufa wa muhuri uliokuwa ukiendelea kupasuka kazini. Mstari uliozama ni mkwaruzo tu wa mifukoni, na usikubali kuulipia. (Aliyenishauri nisugue sarafu kwa limau na majivu ili nione vizuri, namwombea heri, sarafu moja ya bibi sasa inang'aa kama kifungo cha askari na haina thamani.)

Kosa la kweli nililipata miezi kadhaa baadaye, katika fungu la sarafu chakavu lililouzwa kwa bei ya kutupa. Chapa ilikuwa imekwenda upande, ikaacha ukingo mmoja mtupu kama mwezi mwandamo, na hakuna nyingine iliyolingana nayo. Nikailaza chini ya nailoni: sehemu ya taji iliyosalia ilikuwa ya taji dogo, muhuri ule ule. Yule muuzaji alipoiona alisema imeharibika, akanishauri niiyeyushe.