Oili niliyoweka kwenye boda baada ya kuchonga silinda

Pikipiki yangu ni ya Kichina, injini ile ya CG 125 ambayo hapa Moro ipo kwenye boda kibao. Ilikuwa inakula oili, ukivuta mafuta kwenye mlima unaacha moshi wa bluu nyuma mpaka abiria analalamika. Fundi akafungua, ringi zimeisha na silinda imelika, basi ikachongwa, ikaingia pistoni ya saizi 50, yaani pana kwa nusu milimita kuliko ya mwanzo, na ringi mpya. Sasa ikabaki oili, na hapo ndo kila mtu ana yake.

Duka la spea jamaa ananitolea sintetiki, eti kaka umetumia hela yote hiyo halafu uweke oili ya bei rahisi? Fundi naye anasema chukua ya dizeli, nzito, itashika. Nikamwambia jamaa wa duka anipe makopo yote niyasome nyuma, akanuna kidogo ila akanipa.

Nilichokuwa natafuta ni JASO MA, alama ya viwango vya Kijapani kwa oili za pikipiki. Injini ya pikipiki hizi oili ni moja tu, hiyohiyo inalainisha pistoni, gia na klachi, tofauti na gari. Oili za gari zile nyepesi zinazosifiwa kubana mafuta zinawekewa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano, ukiweka hiyo inaanza kuteleza, injini inapiga kelele pikipiki haiendi. MA au MA2 ndo za klachi inayolowa oili, MB ni za skuta, achana nayo. Zipo za dizeli zenye hiyo alama, ila kopo la fundi halikuwa nayo, nikalirudisha.

Sintetiki sikuikataa kwa ubaya, kuna magari yanatoka nayo kiwandani kabisa. Ila silinda ikishachongwa inaachiwa mikwaruzo midogo inayopishana, makusudi, ili ringi mpya zisuguane nayo mpaka zikae vizuri, na muda huo chuma kinachotoka chote kinaingia kwenye oili. Halafu hii CG haina filta ya karatasi, ina wavu tu pale chini na kikombe kinachozunguka upande wa klachi kinachorushia uchafu pembeni. Kwahiyo namna ya uhakika ya kutoa huo uchafu ni kumwaga oili mapema na kumwaga tena, sasa nani anamwaga sintetiki ya bei ile baada ya masaa machache? Nikachukua ya kawaida ya minerali, 20W50 (huo ndo uzito wake), API SL (daraja la ubora), JASO MA, chupa za lita moja kadhaa kwa mpigo maana injini yenyewe inabeba kama lita moja tu.

Kabla ya kuwasha tulitoa plagi nikapiga kiki nyingi taratibu ili oili isambae kwanza. Ilipowaka sikuiacha inguruma pale gereji, wengi wanaiacha iungurume imesimama masaa mawili wakidhani wanaizoesha, wakati ringi zinataka mgandamizo wa moshi nyuma yake ndo zibane ukutani. Nikatoka nayo barabara ya Mzumbe, bila abiria, navuta mpaka katikati naachia inajishusha yenyewe na gia, navuta tena, sikai mwendo mmoja na sivuti mpaka mwisho.

Jioni yake, ikiwa bado ya moto, nikamwaga. Aisee ile oili ilikuwa inameremeta kama rangi ya kucha. Nikapitisha sumaku ikatoka na ndevu za chuma, nyingine haikushika, hiyo nadhani ya pistoni, alumini haishikwi. Fundi akaniambia "mdogo wangu hiyo kawaida", na kweli ni kawaida, ila kawaida hiyo nilitaka iwe kwenye ndoo. Nikamwaga tena kwenye kilomita 300 hivi, meremeta imepungua sana, ya tatu kwenye 1,000 ikatoka nyeusi ya kawaida tu.

Kitu kingine, kijiti cha kupimia cha CG unakichomeka bila kukikaza, pikipiki ikiwa imesimama wima. Ukikikaza kinazama zaidi unadhani oili ipo kumbe imepungua. Mimi napima kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kijiweni, haishuki, moshi hakuna, na 20W50 ileile ndo naendelea nayo. Jamaa wa duka bado ananionyesha sintetiki yake kila nikienda.