Wifi na vidonge vya kuongeza damu

Wifi yangu kanitumia picha ya majibu WhatsApp: "Wifi, wanasema damu bado ndogo, ninywe tena vidonge?" Vya madini ya chuma anavyo tangu mimba ya kwanza, na mtoto sasa anakimbia.

Himoglobini 10.8, kweli iko chini. Ila mimi nilikimbilia MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu: 64, wakati kawaida ni 80 hadi 100. Halafu idadi yake: milioni 5.6! Aliyepungukiwa chuma kwa kawaida chembe zake huwa ndogo na haziwi nyingi hivi. Za huyu ndogo, tena tele. Gawa 64 kwa 5.6 unapata 11 na ushee. Ikiwa chini ya 13, shuku thalasemia, ugonjwa wa kurithi. Dokezo tu lakini, si hukumu. Nikamwambia aombe feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma mwilini, na elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini.

Feritini nzuri kabisa. HbA2, mojawapo ya aina hizo za himoglobini, asilimia 5.2, na mwisho wa kawaida ni kama 3.5. Daktari kathibitisha: amebeba kinasaba cha thalasemia ya beta, vidonge aache.

Kazi iliyobaki ni kaka yangu, naye apime kama amebeba pia, kabla ya mtoto wa pili. Jitu zima linaogopa sindano!