Nilivyofanikiwa kupata marekebisho ya setilaiti kwenye GPS ya mkononi

"Washa WAAS (mfumo wa setilaiti unaorekebisha makosa ya GPS), yatosha." Ushauri huo nimepewa mara nyingi, na ndio ulionichelewesha. Kuwasha kwenye menyu ni kukiruhusu kifaa kusikiliza tu. Kisiposikia kitu, kitaendelea kukuonyesha mahali ulipo kama kawaida, nawe utaamini umerekebishiwa.

Kilichonifungua macho ni kujua marekebisho yanapita njia gani. Vituo vya nchi kavu, ambavyo mahali pake pamepimwa barabara, hupokea GPS na kuona kosa liko wapi: saa ya setilaiti, njia yake angani, au mawimbi kuchelewa yanapopenya ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme. Hesabu hiyo hupandishwa kwenye setilaiti zilizo juu ya ikweta, yapata kilomita 35,786, ambazo ukizitazama kutoka duniani ni kama zimesimama. Zenyewe hutuma ujumbe kwa masafa yaleyale ya GPS, megahezi 1575.42, ndiyo maana huhitaji antena ya pili. Marekani mfumo huo ni WAAS, Ulaya ni EGNOS, Japani MSAS, India GAGAN.

Jaribio la kwanza lilishindwa kabisa. Nilikaa kwenye sitaha dakika 40 nikitazama ukurasa wa setilaiti. Za GPS zina namba 1 hadi 32. Za marekebisho kifaa changu huziandika kuanzia 33 (ongeza 87 upate namba yake halisi, yaani 46 ni 133). Nguzo ya 46, ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi yake kwenye skrini, ilibaki tupu muda wote. Nilibadilisha betri, nikazima na kuwasha, wapi! Kumbe nilikuwa nimeacha hali ya kuokoa betri. Katika hali hiyo kipokezi husinzia kati ya kipimo na kipimo, ilhali ujumbe wa marekebisho unamiminika mfululizo, biti 250 kila sekunde. Kipokezi kinachosinzia hakiwezi kuushika. Nilipoirudisha hali ya kawaida nguzo ilijaa, lakini herufi D, alama ya kwamba kipimo kimerekebishwa, haikutokea papo hapo. Hapo usikate tamaa: ramani ya ionosfia hutumwa vipande vipande na huweza kuchukua dakika 5 kukamilika. Subiri. D zikianza kutokea kwenye nguzo za setilaiti za GPS, ndipo marekebisho yanatumika. Ukiwa umeunganisha kifaa na kompyuta, tazama sentensi ya GGA, yaani mstari wa data ya mahali ambao kifaa hutuma: tarakimu ya ubora baada ya longitudo hutoka 1 ikawa 2.

Mahali pa kukishika kifaa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Setilaiti ya GPS iliyozibwa na mlingoti itasogea yenyewe. Hii ya ikweta haisogei. Chombo kikiwa kimefungwa gatini na kibanda kikawa upande wa ikweta, utakesha. Kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo inavyoshuka: kwenye latitudo 60 haizidi nyuzi 22 juu ya upeo wa macho, hata ikiwa kwenye longitudo yako. Usikishike kifaa kiunoni, kwa sababu mwili wako nao huziba mawimbi.

Kisha nikataka kuona faida kwa macho yangu. Kwanza weka onyesho la dakika zenye desimali tatu, 0.001 ya dakika ya latitudo ni mita 1.85, lakini 0.01 ni mita 18.5, na kwa hatua kubwa hivyo huoni chochote. Nilikifunga kifaa juu ya nguzo ya gati nikarekodi saa nzima marekebisho yakiwa yamewashwa. Kuzima na kurudia mara tu baada ya hapo si haki, maana setilaiti zimeshahama. Mpangilio wake hurudi takriban baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hiyo kesho yake nilianza dakika 4 mapema, yakiwa yamezimwa. Yalipowashwa, tarakimu ya mwisho ilicheza hatua moja au mbili. Yalipozimwa, ilitangatanga nne hadi tano.

Sogea karibu na ukuta wa chuma uone: hatua zinaongezeka hata D zikiwepo. Mawimbi yanayodunda ukutani ni kosa la hapo ulipo, na kituo kilicho mbali hakiwezi kulijua. Vilevile, kuisikia setilaiti ukiwa nje ya eneo lenye vituo si kurekebishiwa, kwani ionosfia iliyo juu yako haijapimwa. Huko mimi huzima, nikaokoa betri.

Na kabla ya kuamini usahihi wa mita 3 kando ya mwamba, soma pembeni mwa ramani ya bahari imechorwa kwa datumu gani (msingi ambao latitudo na longitudo hupimwa kwao) na ilipimwa mwaka gani. Kifaa kikiwa kwenye WGS84, datumu ya GPS, na ramani ikiwa ya datumu ya zamani, tofauti yaweza kufika mamia ya mita, na hakuna D itakayoiondoa. Mimi huweka datumu ya ramani kwenye menyu kwanza, ndipo nawasha marekebisho.