Maji yanaishia wapi?

Juzi mwanangu kashika simu yangu, kaingia kwenye ramani ile ya setilaiti, anavutavuta kutoka Mbeya mjini, Chimala, Igawa, mpaka akafika bonde la Usangu, kwenye kinamasi cha Ihefu, afu ananiuliza, "Mama, si ulisema Ihefu kuna maji mengi, mbona hapa majani tupu?" Nikacheka, maana swali hilohilo lilishawahi kugombanisha watu wazima ndani ya mtumbwi nikiwepo.

Ilikuwa masika ya 2018, mi nabeba daftari na jipiesi kwa injinia mmoja. Kazi ilikuwa kujua lile bonde linabaki na maji kiasi gani mvua zikikata. Na si jambo dogo, maji ya Ihefu yanatoka kwa kuruka mwamba pale Ng'iriama, yakishapungua mpaka chini ya huo mwamba basi, Mto Ruaha Mkuu unakauka kule Hifadhi ya Ruaha, na tangu 1993 huo mchezo wa kukauka kiangazi tunao. Picha tulizokuwa nazo ni za Sentinel-1, ile setilaiti ya rada, inarudi kila baada ya siku 12 na haijali mawingu. Maji ya wazi yanatokea meusi, hayo hayana ubishi. Shida ilikuwa pembeni, nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye matete, pale picha inang'aa, na kung'aa kunaweza kuwa majani kwenye nchi kavu au maji yaliyojificha chini ya matete, kwa sababu rada inagonga maji, inadunda kwenye mashina, inarudi ilikotoka na nguvu zake. Sa utajuaje? Unaenda.

Tukatafutiwa babu mmoja mwenye mtumbwi. Kamwene babu, kamwene, tukapanda. Matete yakawa yanakwaruza ubavuni huku na huku, mbu mchana kweupe, afu mtumbwi ukagoma kabisa kwenda mbele. Injinia akashusha fimbo yake ya kupimia, ya alumini, nyekundu na nyeupe. Ikapita alama ya mita moja, ikawa nzito kidogo. "Hapo hapo! Andika." Babu akatikisa kichwa. Akachomeka upondo wake palepale, akausukuma kwa mkono mmoja, taratibu, wala hakukaza msuli, ukazama zaidi ya fimbo karibu urefu wa mkono mzima. Akauchomoa. Ncha imetoka nyeusi, tope laini kama uji, na maji yanachuruzika humo ndani yanamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Haya si maji?"

"Hilo tope, mzee wangu."

"Basi njoo mwezi wa nane ukanyage hapa, uone kama hutatoka na mguu umelowa."

Wakabishana, kila mmoja kashika mti wake, na mi kalamu iko hewani. Mwisho nikaandika namba zote mbili, ya injinia na ya babu, kila moja na safu yake.

Ofisini mambo yakaenda haraka haraka, eneo likapatikana, kina ndo kikawa kasheshe. Ramani ya miinuko ya kutoka angani, ile iliyopigwa na chombo cha Marekani mwaka 2000, inaweza kukosea mita kadhaa, na sisi maji yetu yenyewe mita moja na kitu! Kuna zile setilaiti za GRACE-FO zinazopima mvutano wa dunia, hizo zingehesabu mpaka maji ya kwenye tope la babu, ila zinaona eneo la kilomita kama mia tatu kwa mkupuo, Usangu yote inamezwa humo pamoja na majirani zake.

Ila kilichonibakia si hicho. Tukiwa tunarudi babu akaniuliza mi, sio injinia, "Binti, mtaandika maji yetu ni mengi au machache? Maana yakiwa mengi mtasema tumeyazuia, yakiwa machache mtasema tumeyamaliza." Nikamwambia tunaandika tu yalivyo, babu. Akasema "haya," ile haya ya mtu ambaye hajakubali.

Ripoti ikatoka na safu moja, ya injinia. Kisayansi labda ni sawa, lazima uweke mstari mahali. Daftari langu bado lina zote mbili, na kila kiangazi wakianza kutupiana maneno nani kamaliza maji, mkulima wa mpunga au mfugaji, huwa naona afadhali babu aliuliza mapema.