Spinabeiti yangu ilikuwa inalala ubavu

Kwa wiki mbili samaki aina ya besi walikuwa wakiifuata spinabeiti yangu, yaani chambo bandia chenye ndoana na waya juu yake wenye kibati kinachozunguka, hadi karibu na mashua, kisha wanageuka. Nikadhani ni rangi, nikabadilisha, wapi! Siku moja nikaivuta kwenye maji maangavu ya ukingoni huku nikiitazama: inalala ubavu. Waya wa juu ulikuwa umepinda, nadhani nilipomnasua samaki. Nikaukunja kwa koleo, taratibu, mpaka ukakaa sawasawa juu ya ndoana. Ikaogelea wima.

Nikatoa na kibati cha mviringo, maana hicho hutikisa maji sana na kinafaa zaidi kwenye maji ya tope. Nikaweka chembamba kama jani, kinachomeremeta. Niliporusha mara ya tatu, kando ya gogo, besi akaibugia.