Vifaa vya kuziba kioo cha gari ukiwa fundi wa kuzunguka: jua, vumbi na mahali pa kuviweka

Wakuu habari za kazi. Vijana wengi wanaotaka kuingia kwenye hii kazi ya kuziba vioo vya mbele kwa kumfuata mteja alipo wananiuliza resini (ile gundi ya kuzibia ufa) gani nzuri, mashine gani ninunue, taa ipi inagandisha haraka. Maswali mazuri hayo, ila kuna moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza na mi naona ndo lenyewe, kwamba hivyo vifaa utavikalisha wapi ukishafika kwa mteja, manake huna benchi, huna paa, huna ukuta wa kutundikia kitu, una pikipiki na boksi nyuma na jua la saa saba mchana. Na kwenye hii kazi kifaa kikikosekana pale kinapotakiwa, kazi haicheleweshwi tu, inaharibika.

Ngoja nieleze kwa wale ambao hawajawahi kuona inavyofanyika. Kioo cha mbele sio sawa na cha mlangoni, cha mlangoni kikipigwa kinamwagika chote chenga chenga na hapo hakuna cha kuziba, ni kununua kingine. Cha mbele ni vioo viwili vimeshikwa na plastiki katikati, jiwe likirushwa na lori la kokoto mara nyingi linaumiza kile cha nje tu, linaacha kitundu na nyufa ndogo zinazozunguka zenye hewa ndani. Kazi yetu ni kuivuta ile hewa itoke, kusukuma resini iingie mpaka kwenye ncha za nyufa, halafu kuigandisha kwa mwanga wa UV. Basi. Lakini resini ikishaganda imeganda, hakuna kuitoa urudie, kwahiyo ukiwa katikati ya kuvuta hewa na presha alafu unaanza kuvuruga begi unatafuta wembe au karatasi ya kufunikia (ile ya plastiki angavu inayowekwa juu ya resini), huku jua linapiga kioo, ujue unamwibia mteja ubora wa kazi yake.

Jua ndo adui namba moja huku kwetu Dar. Watu wanasahau kwamba kinachoigandisha resini ni UV na jua limejaa UV, yaani ukiacha tone kwenye mdomo wa injekta (kile kifaa cha kusukumia resini) juani hata kwa muda mfupi unalikuta limeshakuwa gamba, na hilo gamba ndo litaziba njia au litaingia kwenye ufa. Ndo maana chupa za resini ni nyeusi au za kahawia iliyokolea. Mi chupa haikai nje hata wakati nadondosha, inatoka, inadondosha, kifuniko kinarudi, chupa inarudi ndani, ndo mkono unaenda kufanya kingine. Na usiweke taa ya UV kwenye chumba kimoja na resini, kwenye pikipiki vitu vinagongana, swichi inaweza kubonyezwa na ikajiwasha yenyewe humo humo, kwahiyo taa ina pochi yake na betri natoa kabisa kabla ya safari.

Joto nalo ni ishu nyingine tofauti na mwanga. Resini nyingi zinataka zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 hivi na wewe unazibeba kwenye boksi jeusi la plastiki limekaa juani toka Mbezi Mwisho mpaka Tegeta, hapo unazipika. Kwanza chagua boksi jeupe, au lipake rangi nyeupe, kisha ndani yake mi nimeweka deli dogo, yale ya kuwekea maji ya baridi, bila barafu. Narudia, bila barafu, manake chupa ikipoa sana inatoa jasho ukiifungua kwenye hewa ya Dar, na maji kwenye hii kazi ni sumu, unyevu ukiingia kwenye ufa resini haishiki na utaona ukungu baada ya muda. Deli linazuia tu joto la nje lisiingie, inatosha.

Tuje kwenye trei, hapa nitakaa kidogo. Natumia trei ya plastiki yenye ukingo, ndani nimelaza sponji ya tabaka mbili, nyekundu chini na nyeusi juu, ile nyeusi nimeikata mashimo kwa umbo la kila kifaa. Injekta na shimo lake, stendi yake ya kuishikilia kwenye kioo, pini ya kutolea chenga za kioo, kidrili kidogo, kichupa cha biti, kioo kidogo cha mkononi cha kuchungulia kutoka ndani ya gari, wembe, kibegi cha karatasi za kufunikia, taa. Kifaa kikitoka unaona wekundu, kikirudi wekundu unafunikwa. Mafundi wa ndege wana mpango kama huo kwenye makabati yao ya spana, kwao kifaa kimoja kikisahaulika ndani ya injini ni balaa, kwahiyo ndege hairuhusiwi kuondoka mpaka kila nafasi kwenye kabati imejaa. Sisi hatuna ndege lakini akili ni ile ile, jicho linaona pengo haraka kuliko linavyohesabu vitu.

Na mpangilio unafuata kazi, sio ukubwa wa kifaa. Kushoto kabisa vya kusafishia kitundu, katikati vya kuvuta na kusukuma, kulia vya kufunika, kugandisha na kukwangua. Yaani mkono unatembea kutoka kushoto kwenda kulia kadri kazi inavyoenda. Chini ya trei kuna trei ya pili tupu, ya vichafu, chochote kilichogusa resini kinaenda huko na hakirudi juu mpaka kisafishwe, hii imeniokolea vitambaa na pochi nyingi sana.

Kuna mzee mmoja nilimfuata kwake Goba, gari yake Noah ilikuwa na nyota ya jiwe, yaani ufa wa umbo la nyota, upande wa abiria. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba kijana, nikatandika mkeka kivulini nikafungua kistuli nikaanza kupanga trei. Akaangalia weee, mwishowe akasema kijana mbona unapangapanga tu, kioo chenyewe kile pale. Nikamwambia nakuja mzee wangu, dakika mbili tu, kioo chenyewe bado cha moto hakigusiki. Na kweli kilikuwa kimetoka juani, ukiziba kioo cha moto resini inakuwa nyepesi mno na ufa unaweza kukimbia ukikibana, unaacha kipoe chenyewe kivulini, maji humwagii kabisa kwasababu hapo ndo utakipasua. Sasa zile dakika za kusubiri kioo kipoe ndo dakika za kupanga vifaa, hupotezi muda wowote. Baadae nikiwa nimeshavuta hewa, jicho liko kwenye kitundu naangalia vile vipovu vinavyopanda kwenye resini vinakwisha kimoja kimoja, mkono wa kulia ukaenda kwenye trei bila kugeuza kichwa ukarudi na karatasi ya kufunikia, nikatoa injekta, tone la resini nzito juu, karatasi, taa. Mzee akasogea akasema ahaa. Hakuuliza tena.

Vitu vidogo ndo vinaua kazi. Kikombe cha mpira cha kunyonya kioo, kile kinachoishika stendi, punje moja ya mchanga kwenye ukingo wake inatosha kuvujisha hewa na stendi inaanza kuteleza polepole wewe ukiwa hujui, kwahiyo mi navifunika kwa kifuniko cha mfuko laini na navilaza vikiwa wazi kabisa, havibanwi na kitu, manake vikilala vimekunjwa vinabaki na kilema. Biti za kukwarulia kitundu ni za kabaidi, ngumu kwelikweli lakini zikianguka ubavu kwenye sakafu zinakatika, hizo zinakaa kwenye kichupa kidogo cha dawa kilichowekwa pamba chini. Raba za injekta usizisafishe kwa asitoni hata siku moja, nyingi zinavimba na kuharibika, tumia spiriti na kitambaa kisichotoa manyoya, kausha, halafu ndo irudi kwenye shimo lake. Karatasi za kufunikia zikikunjika au zikiingia vumbi umeshachora alama kwenye kazi ya mteja, zinakaa kwenye bahasha ngumu. Na nyembe zilizotumika natumbukiza kwenye chupa ya soda ya plastiki yenye kifuniko, haiwezekani nizitupe kwenye takataka alafu mtoto au mtu wa usafi zimkate, hapo sina mjadala na mtu.

Boneti ya mteja sio meza. Naliandika hivi kwa nguvu kwasababu nawaona mafundi wengi, wazuri kabisa wa mkono, wanamwaga vifaa vyote juu ya boneti kama vile ni yao. Kwanza unaikwaruza rangi. Pili tone la resini au asitoni likitua pale linaacha doa. Tatu, na hii wengi hawaifikirii, pale chini ya kioo kwenye waipa kuna ile plastiki yenye matundu ya hewa ya kuingia kwenye AC, biti au raba ikidondokea humo utafungua nusu ya gari kuitafuta, na ukitegemea sumaku, raba haishikwi nayo kabisa. Mi kabla sijafunga stendi natandika taulo kuanzia kwenye waipa mpaka katikati ya boneti, na jingine kwenye dashibodi ndani. Taulo jeupe, sio la maua, uone kilichodondoka.

Kuhusu kivuli, mwembe ni mzuri ila usiuamini sana. Jua linapenya kwenye majani, upepo ukija unashuka unga wa maua na vijiti moja kwa moja kwenye trei yako iliyopangwa vizuri. Nabeba mwavuli mkubwa, ule wa mawakala wa miamala, kwa ajili ya kioo na trei vyote viwili, na trei ikiwa haitumiki ina kifuniko chake.

Masika ikianza, kuanzia Machi hivi mpaka Mei, adui anabadilika. Hapo ni unyevu, na kwa wanaofanya kazi Kigamboni au Msasani ongeza na hewa ya chumvi. Springi za injekta zinapata kutu, lenzi ya taa inapiga ukungu. Vile vipakti vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na mabegi usivitupe, vitie kwenye kila chumba cha boksi na uvibadilishe vikichoka. Ukirudi nyumbani na boksi limelowa usilifunge hivohivo ukalala, fungua, toa sponji, anika ndani ya nyumba.

Wizi upo, tusidanganyane. Ukifanya kazi Kariakoo au Ubungo watu wanakusanyika kuangalia, wengi kwa nia njema kabisa, lakini umati ni umati. Boksi langu limefungwa kwa nati upande wa ndani na lina kufuli, linafunguliwa mara moja kutoa trei na deli alafu linafungwa, kistuli cha trei kinakaa kati yangu na gari, sio nyuma yangu. Nimepiga picha kila kifaa na namba zake, picha ziko kwenye simu na kwenye imeili. Na injekta ya akiba haipandi pikipiki, inabaki nyumbani, manake boksi likienda na kila kitu kesho unaanzia wapi.

Ukimaliza kazi usikimbilie kuongelea hela. Vifaa kwanza. Kitambaa, spiriti, kila kitu kinarudi kwenye shimo, unaangalia trei kama kuna wekundu umebaki, unatoa taulo taratibu ukilikunja kwa ndani ili chenga za kioo zisimwagike kwenye rangi, glavu unavua mwisho kabisa, na glavu vaeni jamani, resini ikizoea kugusa ngozi inaleta mzio ambao ukishaupata unaweza kukutoa kwenye kazi. Ndo unamwita mwenye gari aje akague.

Kwa anayeanza na hela ni ndogo, usinunue boksi la bei kwanza. Tafuta deli dogo, trei yenye ukingo, vipande viwili vya sponji za rangi tofauti kwa mafundi wa makochi, mara nyingi mabaki wanakupa bure ukiomba vizuri, na kisu kikali cha kukatia. Laza vifaa juu ya sponji, chora kwa peni, kata kwa ndani kidogo ya mstari ili kifaa kibanwe kisichezecheze njiani. Hela itakayobaki nunua raba za akiba za injekta, nyingi kadri unavyoweza, manake hizo ndo zinaisha mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye trei.