Saini imegoma

Leo saini yangu mwenyewe imekataliwa.

Ninatumia dawa ya lithiamu kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Inanisaidia, siwezi kukana. Zile siku za kupaa, silali, naongea kama redio, halafu naporomoka na kushindwa hata kuoga, zimepungua sana. Ila mikono inatetemeka na kiu haiishi.

Karani alilinganisha karatasi mbili, akaniangalia usoni.
"Mbona unatetemeka? Una wasiwasi gani?"

Nikasaini tena. Ikatoka mbaya zaidi. Foleni nyuma yangu kimya.

Hasira ikapanda mpaka masikio yakawaka. Papo hapo nikaanza kujihoji: hii ni hasira ya mtu yeyote, au ugonjwa unarudi?

Hilo swali linachosha kuliko kutetemeka kwenyewe. Hata furaha siku hizi naipekua kwanza.

Nimempigia daktari. Kasema kesho nikapime kiwango cha dawa kwenye damu, zikiwa zimepita saa 12 tangu dozi ya usiku, maana kikipanda mno mtetemeko huzidi. Na nisiache dawa kienyeji.

Wenzangu mnaotumia dawa hizi, mkiulizwa "mbona unatetemeka" huwa mnajibu nini?
Mimi nilisema baridi. Na jasho lilikuwa linanitoka.